Nimepima majani ya uani kama kweli yanaua bakteria: matokeo na makosa yangu haya hapa

Jani Bichi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita mama yangu mdogo alinitumia ule ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: chemsha majani ya mpera, mchaichai na kitunguu saumu pamoja, kunywa kutwa mara tatu, yanaua bakteria wote mwilini, dawa za hospitali tupa. Mama mdogo ana kisukari na ana kidonda mguuni, na alikuwa ameshaanza kuruka vidonge alivyoandikiwa. Ndiyo maana uzi huu ni mrefu. Sina ugomvi na mitishamba, nimekulia nayo. Ila nafanya kazi kwenye maabara ya kufundishia hapa Morogoro, vifaa ninavyo, nikaona si haki kumwambia mzazi "acha" wakati mwenyewe sijawahi kuangalia.

Kipimo nilichotumia ni cha zamani, ndicho hospitali hukitumia kujua kijidudu chako kinasikia dawa gani. Kinaitwa Kirby-Bauer, utaratibu wake uliwekwa sawa mwaka 1966. Unamwaga agari ya Mueller-Hinton, ile jeli ya kuoteshea bakteria, kwenye kisahani hadi unene wa milimita 4. Unachukua bakteria waliokua usiku mmoja, unawakoroga kwenye maji ya chumvi mpaka ukungu wake ulingane na chupa ya kulinganishia inayoitwa McFarland 0.5. Hapo una bakteria kama milioni 150 katika kila mililita. Unawapaka kwa kijiti cha pamba, unageuza sahani, unapaka tena, unageuza, unapaka tena. Unapachika vikaratasi vya milimita 6 vilivyolowekwa dawa, unafunika, unalaza sahani kifudifudi kwenye nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Asubuhi bakteria wameota kama zulia. Pale dawa ilipowashinda pamebaki duara safi, unachukua rula unapima.

Vikaratasi nilivitoboa kwa panchi ya ofisini kwenye karatasi ya kuchujia. Tundu la panchi ni milimita 6, sawa na vile vya kununua.

Bakteria walikuwa wa aina mbili wanaojulikana ukoo wao: Staphylococcus aureus namba 25923, ambaye nitamwita Stafi, jamaa wa majipu na vidonda, na E. coli namba 25922, bakteria wa utumboni. Faida ya hawa ni kwamba wako kwenye maabara nyingi duniani na tabia zao zimeandikwa. Ukiweka jentamaisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, juu ya E. coli huyo, duara linatakiwa liwe kati ya milimita 19 na 26. Likiwa nje ya hapo, kosa ni lako: agari nene, bakteria wengi mno, au dawa imechacha. Unatupa sahani zote unaanza upya, hata kama mpera wako umetoa duara la kupendeza namna gani.

Sasa raundi ya kwanza. Nilifanya na vijana watatu waliokuwa kwenye mazoezi ya vitendo. Tulikausha majani kivulini, tukatwanga, tukaloweka kwenye spiriti ya asilimia 70 siku tatu, tukachuja, tukachovya vikaratasi, tukaweka. Kesho yake kila kitu kimetoa duara! Mpera, mwarobaini, mchaichai, kivumbasi, shubiri. Vijana wanashangilia, mmoja ameshatoa simu apige picha. Binti mmoja, mkimya, alikuwa ameongeza jani la muhindi bila kuniambia. Nalo limetoa duara. Akaniuliza taratibu, "Mwalimu, na muhindi nao ni dawa?"

Sikumjibu. Nilichukua karatasi, nikaichovya kwenye spiriti tupu isiyo na jani lolote, nikaipachika kwenye sahani mpya. Asubuhi ilikuwa na duara lilelile. Tulikuwa tumepima spiriti siku nzima. Vikaratasi vilikuwa vibichi, hatukuviacha vikauke, na hatukuweka karatasi ya kulinganishia tangu mwanzo, jambo ambalo mimi ndiye ninayewafundisha wengine.

Naliandika hili mapema kwa sababu naamini nusu ya "ushahidi" unaosambazwa kwa picha za visahani umezaliwa hivihivi. Ukiletewa picha ya duara, swali la kwanza uliza: karatasi ya maji matupu au spiriti tupu iko wapi kwenye picha hiyo?

Raundi ya pili tukavikausha vizuri, tukaweka karatasi ya spiriti iliyokauka, karatasi ya maji, na jentamaisini. Kila mmea mara tatu. Haya ndiyo tuliyoona.

Kitunguu saumu kibichi, kile cha Mbulu chenye punje ndogo, kilichopondwa na kukamuliwa hapohapo: duara kubwa kwa Stafi na kwa E. coli pia. Ndicho pekee kilichosimama karibu na jentamaisini. Kitunguu hichohicho kikichemshwa kizima dakika kumi ndipo kikapondwa: hakuna kitu. Sahani imejaa bakteria hadi kwenye ukingo wa karatasi.

Mpera, kwa spiriti: duara zuri kwa Stafi, kwa E. coli dogo la kutafuta kwa macho. Mpera kwa maji ya moto: kwa Stafi dogo, kwa E. coli hakuna.

Mwarobaini: kwa Stafi kaduara, kwa E. coli hakuna. Niliumia kidogo hapa, maana mti uko mlangoni kwetu tangu nikiwa mtoto.

Mchaichai uliochemshwa kama chai: hakuna. Ute wa shubiri: hakuna. Majani ya mlonge: hakuna.

Limau: duara kubwa! Kisha nikatia magadi kidogokidogo kwenye maji ya limau mpaka ukali ukaisha na karatasi ya kupimia asidi ikasoma 7. Duara likapotea. Kilichokuwa kinawazuia bakteria ni ukali wa asidi, basi. Asidi inafanya kazi nzuri kwenye kachumbari, ila ukiinywa damu yako haigeuki kuwa limau, mwili hauruhusu.

Kivumbasi nitakieleza peke yake, kina habari ndefu. Karibuni.

Mtoto wa Kihonda

Nimeweka kambi hapa. Uzi wa maana kabisa, mkuu.

Nyota ya Mtwara

Mkuu hongera kwa kazi. Ila kwenye mwarobaini sikubaliani na wewe. Sisi tulipougua tetekuwanga bibi alikuwa anatuogesha maji ya mwarobaini na tunapona. Na mti wenyewe unaitwa hivyo kwa kuwa unatibu magonjwa arobaini. Inakuwaje sahani iseme hakuna?

Jani Bichi

Dada Nyota, swali lako ni zuri. Tetekuwanga ni virusi, si bakteria. Kwa watoto wengi huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, uoge au usioge. Bibi alipunguza muwasho, alisafisha ngozi, alikushika kwa mikono yake. Hayo yote yana maana kwa mtoto mgonjwa. Ila kisahani changu hakikuulizwa swali hilo.

Na mwarobaini usiushushe hadhi kwa sababu yangu. Nguvu yake kubwa iko kwa wadudu. Ndani ya mbegu mna kitu kinaitwa azadiraktini, kinamvuruga mdudu asile wala asijivue ngozi akakua. Mkulima anayeponda mbegu na kunyunyizia bustani ya mchicha anajua anachofanya. Mti ni mmoja, kazi zake si zote sawa.

Jambo moja naomba wazazi walisikie: mafuta ya mbegu za mwarobaini msiwanyweshe watoto wachanga. Zipo taarifa za kitabibu kutoka Malaysia na India za watoto walionyweshwa mafuta hayo wakapata degedege na kuharibika ini.

Fundi Sele

Mi nauliza kwa nini E. coli anakuwa mgumu kuliko Stafi? Kwenye matokeo yako mpera na mwarobaini vinamshinda Stafi halafu kwa E. coli vinagonga mwamba.

Jani Bichi

Umeona vizuri sana, Fundi. Bakteria wamegawanyika makundi mawili makubwa kwa ukuta wao. Stafi ana ukuta mnene, lakini ni kama ukuta wa matofali yasiyopigwa plasta, vitu vidogo vinapenya kwenye nafasi. E. coli ukuta wake mwembamba, ila juu yake ana utando mwingine wa mafuta, na kuingia lazima upite kwenye vijitundu maalumu. Vitu vingi vya kwenye mimea ni vikubwa au havipendi maji, vinaishia mlangoni. Tena hata kinachopenya, E. coli ana pampu za kukitema nje.

Ndiyo maana ujumbe unaosema "linaua bakteria wote" nauogopa. Jani lililomshinda Stafi limemshinda Stafi. Kipindupindu, homa ya matumbo na sehemu kubwa ya UTI vinaletwa na bakteria wa kundi la E. coli, wenye utando wa nje.

Bi Karafuu

Assalaam alaykum wanangu. Mimi niko Wete, Pemba, napika mikate miaka mingi. Sina maabara lakini nina la kusema. Siku za mwanzo nilitaka mkate wenye harufu, nikatia mdalasini mwingi wa kusaga na karafuu pamoja na hamira kwenye bakuli moja. Unga haukuumuka. Nikadhani hamira mbovu, nikanunua nyengine, mambo yaleyale. Bibi yangu akanambia usitie viungo kwenye hamira, viungo vinaiua. Umua kwanza, viungo baadaye na kidogo. Tangu hapo sijaharibu mkate. Sasa mwanangu, hicho si kipimo?

Jani Bichi

Waalaykum salaam bibi yangu, shikamoo. Hicho ni kipimo kamili, na nimefurahi kukisoma. Una bakuli lenye viungo, una bakuli lisilo na viungo, hamira ni ileile, unga ni uleule, na ulirudia kwa hamira mpya ili kuhakikisha. Mimi na vijana wangu tulishindwa kufanya hivyo raundi ya kwanza.

Niongeze tu kwamba hamira ni ya jamii ya ukungu (fangasi), si bakteria, kwa hiyo unachoona ni nguvu ya karafuu na mdalasini dhidi ya jamii ya ukungu. Lakini kwenye karafuu nguvu hiyo inafika na kwa bakteria. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa ni kitu kinaitwa eujenoli. Daktari wa meno akikuwekea dawa ya muda kwenye jino, ile harufu unayoisikia ndiyo hiyo, wanaichanganya na unga wa zinki. Watu wa Pemba wanaotia karafuu kwenye jino linalouma na daktari mwenye koti jeupe wanatumia kitu kimoja.

Na hapa ndipo kivumbasi kinapoingia. Kivumbasi kilichochemshwa hakikunipa kitu. Nikachukua sufuria ya presha, mpira mwembamba na ndoo ya maji baridi, nikapitisha mvuke kwenye majani mabichi nikapata matone ya mafuta juu ya maji. Kilo mbili za majani, mafuta hayakujaza kijiko cha chai. Harufu ilijaa jengo zima. Matone hayo kwenye karatasi yalitoa duara kwa Stafi na kwa E. coli.

Nikamwita mwenzangu wa Tanga, akaniletea kivumbasi cha kwao. Harufu tofauti kabisa: changu kinanukia kama karafuu, chake kama dawa ya kuchua. Jina moja, na ukiyatazama haraka majani ni yaleyale. Mimea ya jamii hii hutofautiana ndani kwa ndani: mmoja una eujenoli nyingi, mwingine una thaimoli, kutegemea ukoo na mahali. Kwa hiyo mtu akiniambia "kivumbasi kinafanya kazi" nauliza kipi, cha wapi, kilichotolewaje. Siku hizi kila ninachopima nakausha tawi moja lenye maua kati ya magazeti na kuliandika tarehe na mahali nilipolikata, ili mtu wa mimea aje alitambue.

Daktari Mtarajiwa

Mkuu, mafuta hayo si yanaelea tu juu ya agari? Agari ni maji.

Jani Bichi

Sawa kabisa, na huo ni udhaifu wa kipimo chote. Duara linategemea mambo mawili: dawa ina nguvu kiasi gani, na inasafiri kwenye agari kwa urahisi kiasi gani. Mafuta hayasafiri. Tanini za mpera, vile vitu vinavyokausha mdomo, nazo ni molekuli kubwa, zinajikokota. Kwa hiyo kulinganisha duara la mpera na duara la kitunguu saumu halafu kutangaza mshindi ni kosa, hata kama rula haidanganyi. Namba za jentamaisini zina maana kwa sababu watu wamezipima na wagonjwa kwa miaka. Za mpera hazina kitabu cha namna hiyo.

Njia bora ni mirija. Unaweka mchuzi wa kukuzia bakteria kwenye mirija kumi, wa kwanza dawa nyingi, wa pili nusu yake, wa tatu nusu ya hiyo, hadi mwisho. Unatia bakteria idadi sawa. Kesho unatafuta mrija wenye dawa kidogo kuliko yote ambao bado uko mwangavu, bakteria hawajauchafua. Hapo una kiwango, na kiwango unaweza kukilinganisha. Mpera wangu ulihitaji miligramu kadhaa kwa kila mililita kumzuia Stafi. Jentamaisini kwa Stafi huyohuyo inahesabiwa kwa maikrogramu, tena huwa haifiki hata moja. Tofauti ni mara maelfu.

Mama Wawili

Naomba niseme yangu, maana nimesoma kuhusu kitunguu saumu na moyo umenienda mbio. Mwanangu wa kwanza alikuwa na mba mguuni. Nikasoma mtandaoni niponde kitunguu saumu nimfunge kwa kitambaa alale nacho. Alilia usiku nikadhani ni dawa inafanya kazi. Asubuhi nafungua, ngozi imevimba malengelenge kama aliyemwagiwa maji ya moto. Tulikwenda zahanati wakasema ameungua. Kovu analo mpaka leo, ana miaka tisa. Tafadhali waambie watu.

Jani Bichi

Pole sana dada. Asante kwa kuliweka wazi, na naomba kila anayeusoma uzi huu asiruke ujumbe wako.

Kinachoua bakteria kwenye kitunguu saumu kinaitwa alisini. Mwanakemia Chester Cavallito na mwenzake walikitenga Marekani mwaka 1944. Punje nzima haina alisini. Ina kitu kingine kisicho na makali, na kimeng'enya chake, yaani protini inayokigeuza, kimekaa chumba cha pembeni. Ukiponda kuta zinavunjika, viwili vinakutana, alisini inazaliwa ndani ya sekunde. Ndiyo harufu inayopanda puani. Ukichemsha kabla ya kuponda, kimeng'enya kimekufa, hakuna kitakachozaliwa. Sahani zangu zilionyesha hilo waziwazi.

Lakini alisini haichagui. Inashambulia protini za bakteria na inashambulia protini za ngozi ya mtoto vilevile. Jiki nayo ingetoa duara kubwa, na hakuna atakayeifunga kwenye mguu wa mtoto. Na ukiila, inavunjika njiani. Watafiti wameitafuta kwenye damu ya watu waliokula kitunguu saumu kingi wasiikute. Kwa hiyo hata huyu bingwa wa sahani yangu sina ushahidi kwamba atakifikia kidonda cha mama mdogo kupitia tumboni. Na ule mchanganyiko wa WhatsApp unaanza na neno "chemsha".

Kinu na Mchi

Nimefuatilia kimya. Mimi ni mtaalamu wa tiba asili niliyesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kazi hii nimerithi kwa baba. Ndugu mleta mada, unaandika kwa heshima lakini wasomaji wako wataondoka wakisema mpera haufanyi kitu kwa kuhara. Mimi nimewaona watu wanapona. Na mwarobaini hivyohivyo. Maabara moja, bakteria wawili, mnatuhukumu wazee wote?

Jani Bichi

Mzee wangu, shikamoo. Una haki ya kuuliza, na kwenye mpera una haki zaidi kuliko ulivyodai.

Majani ya mpera yana kitu kinaitwa kwesetini. Imeonekana kwenye utafiti kwamba inatuliza misuli ya utumbo, mikazo inapungua, maji hayakimbizwi haraka. Mexico walifanya majaribio kwa watu wazima wenye kuhara kwa dawa iliyotengenezwa na majani ya mpera, na maumivu ya tumbo yaliisha mapema. Hiyo kazi haihitaji kumuua bakteria hata mmoja. Ningemhukumu mpera kwa sahani yangu tu ningekosea vibaya, maana sahani haina utumbo. Kisahani kinajibu swali moja: kitu hiki, kwa kiasi hiki, kikiwagusa bakteria hawa, wanaota au hawaoti?

Kwa hiyo mgonjwa wa kuhara akija kwako mzee, mpera mpe, ila maji ya chumvi na sukari yasikosekane, na ukiona damu kwenye choo au mtoto macho yamezama, usimcheleweshe. Najua wewe unafanya hivyo tayari. Nawaandikia wanaojitibu peke yao.

Na kuhusu wazee kuhukumiwa: nchi hii ina Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala tunayo tangu 2002. Wanaofanya kazi humo wanawahitaji watu kama wewe waseme jani lipi, lichumwe lini, liandaliweje. Bibi Tu Youyou wa China alipokuwa anatafuta dawa ya malaria, kila akichemsha pakanga nguvu inapotea. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu wa karne ya 4, Ge Hong, akasoma kwamba jani linalowekwa kwenye maji na kukamuliwa, bila neno lolote la kuchemsha. Akabadili njia, akatumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, 1971 dawa ikapatikana, na 2015 akapewa Nobel. Sentensi ya mganga ndiyo iliyofungua mlango. Ila baada ya sentensi ikaja miaka ya kupima.

Kinu na Mchi

Hapo nimekuelewa, mwanangu. Nina mizizi mitatu ningependa ipimwe. Nitakufuata inbox.

Imbo ya Bujumbura

Salama ndugu. Huku kwetu Burundi na Rwanda tuna umuravumba, iko karibu kila uzio, majani yake yananata na yananukia. Watu wanatumia kwa kikohozi. Je, ulishawahi kuisikia?

Jani Bichi

Nimeisikia, na ni mfano mzuri wa kazi iliyokamilishwa. Kwa kitaalamu inaitwa Tetradenia riparia. Watafiti waliofanya kazi Rwanda miaka ya 1980 walitenga kutoka kwenye majani yake kemikali moja maalumu yenye nguvu dhidi ya bakteria, wakaeleza na umbo lake. Hapo ndipo sisi wengine hatujafika. Mimi nina supu ya majani. Wao walikuwa na kitu kimoja mkononi chenye jina. Ukipata tawi lenye maua likaushe vizuri, siku tukikutana nitalipokea.

Ufuo wa Lamu

Hamjambo jamani. Mbona hakuna aliyeutaja mswaki? Namaanisha mti wenyewe, si brashi. Huku kwetu wazee bado wanautumia kila kabla ya swala.

Jani Bichi

Nashukuru kwa kunikumbusha! Sisi tunaita brashi ya plastiki mswaki bila kukumbuka kwamba jina ni la mti. Watafiti walifanya jambo la kupendeza: walikata vipande vya mti huo wakaviweka juu ya sahani ya bakteria wa kinywani bila kuvigusisha na agari, na bado bakteria wakazuiwa. Kinachowaua kinaruka hewani, ni mafuta makali ya jamii ya haradali. Na la ajabu, yana nguvu zaidi kwa wale wenye utando wa nje, wale wanaoishinda mimea yangu mingi. Kesho natafuta mti mbichi, maana uliokaa dukani miezi umeshapoteza harufu.

Kidato cha Sita PCB

Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina inkubeta wala ile mashine ya kuulia vijidudu. Tunaweza kufanya mradi huu? Tulitaka kuchukua bakteria kwenye kitasa cha choo.

Jani Bichi

Marahaba mdogo wangu. Mnaweza, ila kitasa cha choo hapana. Ukiwakuza bakteria usiowajua unaweza kumfuga adui mkubwa kwenye kisahani bila kumtambua. Mwalimu wenu aombe chuo kilicho karibu kiwape Bacillus subtilis au E. coli K-12 ya kufundishia. Hao hawana madhara kwa mtu mwenye afya, ingawa mtawashika kwa tahadhari ileile.

Agari na vifaa vichemsheni kwenye sufuria ya presha dakika 15 tangu valvu ianze kupiga mluzi. Pakeni karibu na moto wa kichomeo. Msitumie nyuzi 37. Hilo ni joto la mwili, linawanenepesha wanaotupenda sisi. Kabati lenye nyuzi 25 linatosha, mtasubiri siku mbili badala ya moja. Bandikeni mfuniko kwa selotepu vipande vinne, msizungushe kote, na msiufungue tena; pimeni duara kwa nyuma ya kisahani. Mkimaliza, kisahani kizima kirudi kwenye sufuria ya presha kabla ya kutupwa.

Na vikaratasi vikausheni, wapendwa. Vikauke kabisa. Wekeni na cha spiriti tupu kando yake.

Nyota ya Mtwara

Mkuu, mama mdogo anaendeleaje?

Jani Bichi

Asante kwa kuuliza, dada. Jumamosi nilikwenda kwake nikiwa na picha mbili kwenye simu: kitunguu saumu kibichi na kile kilichochemshwa. Nilimwonyesha bila kuhubiri. Akaziangalia muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nakunywa hiki cha pili." Amerudi kliniki, kidonda kinasafishwa kila baada ya siku moja, vidonge vya sukari anameza. Chai ya mchaichai anaendelea nayo kwa sababu anaipenda, na mimi huwa nakunywa naye.

Leo nimepata mti wa mswaki mbichi na Bi Karafuu amenitumia karafuu za Pemba kwa basi na boti, harufu imetangulia kabla ya kifurushi. Sahani kumi na mbili zimeingia saa kumi jioni: mswaki wa kuning'inizwa, mafuta ya karafuu, karatasi za spiriti, karatasi za maji, jentamaisini. Kesho saa mbili asubuhi natoa, nitaleta vipimo hapahapa pamoja na picha za sahani zote, zenye duara na zisizo na duara.